Maswali ya Wasomaji: Ubatizo, Jando na Mamlaka ya Mjomba

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu misheni za Wabenediktini kusini mwa Tanzania, kuanzia ile ya Lukuledi iliyofunguliwa mwaka 1895 hadi ya Ndanda iliyofuata mwaka 1906. Barua zilizokuja baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na zaidi ya nusu zinazungumzia jando na unyago. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika nimeyaacha, kwa kuwa baadhi yao wanazungumzia watoto wao.

*

*Tumsifu Yesu Kristo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa karibu na Ndanda akaitwa Kunigunda, na kaka zake wawili walikuwa Otmari na Galus. Hakuna hata mmoja katika familia anayelikumbuka jina alilopewa nyumbani. Je, mapadre waliyafuta majina yetu kwa kuyaona ya kipagani? (Msomaji, Masasi)*

Milele, amina. Sheria ya Kanisa iliyotumika wakati bibi yako anabatizwa huenda ikakushangaza. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917, katika kanuni ya 761, ulimtaka paroko ahakikishe kwamba anayebatizwa anapata jina la Kikristo. Lakini wazazi wakishikilia jina lao, paroko alitakiwa aongeze jina la mtakatifu juu ya lile la wazazi, kisha ayaandike yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria yenyewe, basi, haikuliua jina la nyumbani. Lililoliua ni mazoea: shuleni mwalimu aliita jina la ubatizo, hospitalini sista aliandika jina la ubatizo, na mtoto aliyezoea kuitikia Kunigunda kutwa nzima alirudi nyumbani akaitwa Kunigunda hata na mama yake.

Kuhusu sababu ya kuchaguliwa majina hayo hasa, hapakuwa na siri kubwa. Watawa wa Ndanda walitoka Ujerumani, wengi wao Bavaria, na wengine Uswisi. Galus na Otmari ni watakatifu wanaoheshimiwa mno upande wa mji wa Mtakatifu Galus (St. Gallen) huko Uswisi, na Kunigunda ni malkia aliyezikwa Bamberg. Padre alimpa mtoto wa Kimakua au wa Kimwera jina la mtakatifu ambaye yeye mwenyewe alimpenda tangu utotoni, na nadhani mara nyingi alifanya hivyo kwa upendo, bila kujiuliza kama upendo wake ulikuwa unamhamisha mtu ukoo. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inasema tu katika kanuni ya 855 kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Kwa hiyo mjukuu wako unaweza kumbatiza kwa jina la ukoo, na katekista asikuambie vinginevyo.

Nenda parokiani ukaombe kuona kitabu cha zamani cha ubatizo, kile chenye maandishi ya Kilatini. Kinapangwa kwa safu: namba, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, padre aliyebatiza. Huenda jina la nyumbani la bibi yako limo, pembeni ya lile la mtakatifu. Ila angalia pia jambo ambalo halimo. Katika jamii za kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto alihesabiwa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ya mwisho juu yake alikuwa mjomba. Katika kitabu kile mjomba hana safu.

*

*Shikamoo mzee mhariri. Mimi ni mama wa Newala. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na anasoma mafundisho ya kipaimara. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa watoto wangu, amesema Desemba mtoto ataingia kumbi, yaani kambi ya jando, pamoja na wenzake wa ukoo, na korosho zikiuzwa atagharamia yeye. Katekista anasema mtoto akienda kumbi jina lake litaondolewa katika orodha ya kipaimara, kwa kuwa jando lilikatazwa na mapadre tangu zamani. Mume wangu anasema tuachane na mambo ya porini, apelekwe hospitali basi. Nimebanwa katikati. Nani aliyekataza, na lilikatazwa kwa amri gani?*

Marahaba, mama. Nianze na lile la haraka. Hakuna kanuni ya Kanisa zima inayomwondoa mtoto katika kipaimara kwa sababu ameingia jando. Kanuni ya 889 inadai mtoto mwenye kutumia akili awe amefundishwa vya kutosha, awe na nia njema, na aweze kurudia ahadi za ubatizo wake. Akikosa mafundisho ya Desemba yote, hapo katekista ana haki ya kulalamika, na lalamiko hilo linatibika kwa kuzungumza mapema. Nenda kwa paroko kabla ya Novemba, na usiende peke yako. Mchukue mume wako, na mchukue kaka yako. Ukienda bila kaka yako, utarudi nyumbani na jibu ambalo mwenye kauli hakulisikia kwa masikio yake.

Sasa kuhusu zamani. Wamisionari wa mwanzo, wa madhehebu yote, walilitazama jando kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na mizizi zaidi ya mmoja. Waliogopa matambiko, yaani unga uliomwagwa chini ya mti na mizimu ya ukoo kutajwa ili iwalinde vijana. Waliogopa nyimbo za kumbi, ambazo zinataja viungo vya mwili na mambo ya ndoa waziwazi, kwa lugha ambayo mtawa wa Bavaria asingeweza kuisikia bila kuinamisha uso. Waliogopa vidonda vilivyooza. Tena waliogopa Uislamu, jambo ambalo wengi hulisahau: kwa Wayao hasa, jando lilikuwa limekwisha kuchanganyika na dini ya pwani, na kijana aliyetoka kumbi alitazamwa kama aliyeukaribia msikiti. Kwa hiyo katika misheni nyingi Mkristo aliyempeleka mwanawe porini aliadhibiwa kwa kuzuiwa sakramenti kwa muda. Huko ndiko linakotoka neno la katekista wako, amelirithi, hakulitunga.

Katazo hilo, hata hivyo, halikufanya kazi, na wa kwanza kulikiri hadharani katika mkoa wetu hawakuwa Wakatoliki. Masasi, ambako Waanglikana walikuwa wamekaa tangu mwaka 1876 na watumwa waliokombolewa, Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, aliona kwamba watoto wa Kikristo wanaingia kumbi kwa siri au wanapelekwa katika kumbi za Waislamu. Badala ya kukaza katazo, alikaa na wazee wakaunda jando la Kikristo. Msalaba ukawekwa mahali pa nguzo iliyokuwa kitovu cha sherehe, padre akawa kambini na vijana, sala zikafungua na kufunga, na mafunzo ya adabu yakabaki mikononi mwa wazee walioaminika. Kwa wavulana ilifaulu kiasi. Kwa wasichana ilikwama, na sababu yake iko wazi kwa mwanamke yeyote wa Newala: padre ni mwanamume, unyago ni mali ya makungwi, na makungwi hawakuona kwa nini wamfungulie mlango.

Wakatoliki walikwenda polepole zaidi, na hapa sina budi kusema kwamba walikuwa na maandishi bora kuliko matendo yao. Mwaka 1659 idara ya Roma inayosimamia uenezaji wa imani iliwaandikia maaskofu waliokuwa wanakwenda Asia, ikawaagiza wasijaribu kuwabadilisha watu desturi zao ila pale zinapopingana waziwazi na dini na maadili, na ikasema ni upuuzi mkubwa kutaka kuihamishia Uchina Ufaransa, Hispania au Italia, kwa kuwa kilichotumwa ni imani. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia mbili wakati padre wa kwanza alipofika Lukuledi. Yangesomwa kwa sauti katika kila nyumba ya mapadre, tungekuwa na barua chache leo. Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima. Hati yake juu ya Liturujia, ya Desemba 1963, inasema katika kifungu cha 65 kwamba katika nchi za misheni inaruhusiwa kupokea, pamoja na yale yaliyo katika mapokeo ya Kikristo, mambo ya kuwaingiza vijana katika utu uzima yanayotumika kwa kila taifa, kadiri yanavyoweza kupatanishwa na ibada ya Kikristo. Hilo ni jando na unyago, limetajwa katika hati ya Mtaguso bila kuzungukazunguka. Na mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita akiwa Kampala, aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika.

Lakini mama, ukiniuliza ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nini, nitasema haukuwa juu ya ngoma wala damu. Ulikuwa juu ya nani anayemlea mtoto. Jando ndipo mahali ambapo ukoo wa mama ulimchukua kijana ukamwambia: wewe ni wetu, hawa ni wakubwa wako, hivi ndivyo utakavyoongea na mama yako kuanzia leo, na hivi ndivyo utakavyomzika mjomba wako. Misheni nayo ilikuwa na mahali pake pa kumchukua kijana, nayo ni shule ya bweni, ambapo aliambiwa maneno yanayofanana, ila wakubwa ni wengine. Baba wa nyumbani, ambaye katika desturi za kusini alikuwa mtu aliyehamia kwa wakweze na sauti yake ilikuwa ndogo, alijikuta amepewa na misheni nafasi ambayo mila haikumpa: kichwa cha familia, mlipa ada, mwenye jina kitabuni. Ndiyo maana hata leo, katika barua yako, mume anasema hospitali, mjomba anasema kumbi, na wewe umebanwa katikati. Huo si ugomvi wa dini na mila tu. Wanaume wawili wanashindania kiti kimoja, na kila mmoja ana hati yake.

Kwa kijana wako, mambo mengi yanaweza kupatanishwa, na familia nyingi za uwanda wa Makonde zinayapatanisha kila mwaka. Akatahiriwe hospitalini kwa wembe safi na ganzi, hapo mume wako ameridhika. Kisha aingie kumbi na wenzake apate mafunzo, hapo mjomba ameridhika. Paroko aulizwe nani watakaofundisha, na kama katika wazee hao wapo waumini wanaoweza kusali na vijana jioni. Shule zifunguliwapo Januari awe darasani siku ya kwanza, na hilo lisiwe na majadiliano. Ukisikia kwamba kuna dawa ya kunywa isiyojulikana, au kiapo cha kuikana imani, au kwamba vijana wanalala na baridi bila mtu mzima, mtoe. Mjomba mwenye akili atakuelewa.

Nikiongeza neno langu mwenyewe, kinachonisumbua zaidi siku hizi ni kumbi ambayo haifundishi. Nimekaa katika sherehe za kuwatoa wari, yaani vijana waliomaliza kumbi, korosho zimeuzwa vizuri, spika zimepandishwa juu ya gari, pilau imejaa masufuria, kila mtoto amevalishwa suti na miwani ya jua akabebwa mabegani, na mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniambia kwamba watoto hao wamekaa ndani siku chache tu na hakuna wimbo hata mmoja waliofundishwa hadi mwisho. Padre anayehubiri dhidi ya jando la namna hiyo anapoteza pumzi kwa kitu ambacho mila yenyewe ingekikataa. Na kwa wasichana wanaochezwa unyago wakiwa na miaka saba au minane, wakafundishwa mambo ya unyumba kabla hawajajua kusoma vizuri, siwezi kuitetea desturi hiyo kwa hoja yoyote ya utamaduni; kungwi wa zamani alisubiri mwili wa mtoto useme kwanza.

*

*Mimi ni kijana wa Liwale. Tunajua hapa kwetu Mikukuyumbu aliuawa askofu mwaka 1905. Mtalii mmoja aliniambia mababu zetu walimuua kwa kuichukia Injili. Nilikosa jibu. Ningemjibu nini?*

Ungemjibu kwa tarehe na kwa sababu. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, baada ya miaka ya kodi ya nyumba, iliyowekwa mwaka 1898, na ya mashamba ya pamba ya lazima, yaliyoanza mwaka 1902, ambapo watu walifanya kazi chini ya kiboko na kupata ujira usiotosha chochote. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa kule Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss, akiwa safarini kuelekea Peramiho pamoja na mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag na masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert, alikutana na wapiganaji hapo Mikukuyumbu. Wote watano waliuawa. Kabla mwezi haujaisha, Nyangao ilishambuliwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha katika kukimbia. Lukuledi nayo ikateketezwa.

Msafara wa wazungu watano wenye wapagazi, ukipita katika nchi iliyokwisha inuka dhidi ya Wajerumani, ukizungumza Kijerumani, haukuwa na namna ya kujitofautisha na boma. Hata misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyokuwa ya Waingereza, haikusalimika mwaka huo. Mpiganaji wa Liwale hakuwa ameisikia Injili kiasi cha kuichukia. Alikuwa ameona kiboko, na aliyekishika alifanana na huyu.

Hata hivyo usimjibu mtalii kana kwamba dini haikuhusika popote, maana huo pia utakuwa uongo. Kule Ungoni, padre wa Peramiho alikuwa amekichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali ambapo mizimu ya ukoo wa kifalme iliombwa, na vita vilipofika, misheni ya Peramiho ikachomwa pia. Kwa Wangoni hesabu hiyo ilikuwa wazi. Ukitaka kumpa mtalii mfano wa misheni iliyokutana vibaya na utamaduni, mpe huo, na umweleze kwamba njaa iliyofuata vita, baada ya jeshi la Kijerumani kuchoma vyakula na mashamba, iliwaua watu wengi kuliko risasi, Wakristo na wasio Wakristo pamoja. Watu wa Mikukuyumbu hawana deni la aibu kwa mgeni. Masalia ya misheni yalijengwa upya na watu wa hapahapa, kwa mikono yao, na wengi wa waliobatizwa baadaye walikuwa watoto wa waliopigana.

*

*Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu wa Lindi mjini. Kwa nini misheni kubwa ziko bara, Nyangao, Lukuledi na Ndanda, wakati bandari ilikuwa hapa kwetu?*

Waaleikum salaam. Kwa sababu pwani ilikuwa na dini yake, na wamisionari walilijua hilo. Walifuata njia ya misafara iliyopanda bonde la mto Lukuledi, wakatafuta watu ambao bado hawakuwa upande wowote, pamoja na maji ya kudumu. Ndanda ilichaguliwa chini ya uwanda wa Makonde, kwenye chemchemi zisizokauka. Baada ya hapo wakazi wa pwani walianza kuzifuata misheni wao wenyewe, kwa sababu ya hospitali kwanza. Sista Thekla Stinnesbeck, daktari aliyefika Ndanda miaka ya 1920, na wenzake waliowatunza wenye ukoma huko Mwena, hawakuuliza mgonjwa anasali wapi. Wazee wenu waliosoma katika shule za misheni kabla serikali haijazitaifisha, mwaka 1970, wengi wao walitoka darasani na hesabu na kusoma, na jioni wakaenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na ulifanya kazi.

*

*Sisi ni vijana wa parokia moja ya Nachingwea. Tunataka midimu, wale wa vinyago vya Kimakonde, icheze siku ya somo wa parokia, wakati wa matoleo. Paroko hajakataa wala kukubali. Tunaomba ushauri.*

Paroko wenu amefanya vizuri kutojibu haraka. Ngoma, kayamba na vigelegele vimekwisha kubaliwa kanisani, na mlango uliofunguliwa na Mtaguso kwa ala za muziki za kila nchi haujafungwa. Sanaa ya vinyago vya Kimakonde nayo imo makanisani, juu ya misalaba na kwenye milango. Lakini mdimu si pambo, wala si mchezaji aliyevaa barakoa. Kwa wenye kumbi, yule anayetoka kichakani ni mfu aliyerudi, na wanawake na watoto hawaruhusiwi kujua kuna nani ndani yake. Mkimleta altareni mchana kweupe, mbele ya mama zenu na wadogo zenu, mnaweza kuwakosea wazee kabla hamjamkosea padre. Kwa hiyo anzeni kwa wenye kumbi. Wakisema mdimu hatoki kwa shughuli hiyo, chukueni ngoma ya sindimba; inajulikana, inapendeza, na hakuna atakayenuna. Wakisema anaweza kucheza nje, uwanjani, baada ya Misa, mpelekeeni paroko jibu hilo, na mwende na mzee mmoja wa kumbi akalieleze mwenyewe.